Bia ya nyumbani imegoma kuchacha? Pima kwanza kabla ya kufunga chupa

Kimea kimechemshwa, hamira imetiwa, povu limepanda vizuri. Siku ya nne, kimya. Ukionja, bia bado tamu kama juisi.

Tatizo hili wanalijua sana wanaopika bia nyumbani kule Uingereza, ambako tangu 1963 huhitaji leseni kupika bia ya kunywa mwenyewe. Miezi ya baridi ndiyo huwasumbua zaidi.

Imegoma kweli?

Mapovu kwenye kibomba cha hewa si kipimo. Mfuniko ukivuja kidogo tu, gesi hupita pembeni na huoni kitu.

Tumia haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Bia ya kawaida huanza karibu 1.050 na kuishia kati ya 1.008 na 1.015. Pima leo, kisha rudia baada ya siku 3. Ikisoma 1.030 mara zote mbili, imegoma. Ikisoma 1.012, haijagoma, imemaliza kazi yake.

Kwa nini inagoma?

• Baridi. Hamira ya bia aina ya ale hupenda nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Chumba kikipoa usiku, hamira hulala chini ya ndoo.

• Hamira kuukuu, au kidogo mno.

• Kukosa hewa mwanzoni, wakati hamira inazaliana.

• Kimea kuloweshwa kwenye maji ya moto kupita kiasi, nyuzi 70 na zaidi. Hapo hutoka sukari nyingi ambayo hamira ya kawaida haiwezi kuila, na kuongeza hamira hakutasaidia sana.

Ufanye nini?

1. Sogeza ndoo penye joto la nyuzi 20 hadi 22. Blanketi husaidia.

2. Izungushe taratibu ikiwa imefunikwa, hamira iinuke. Usikoroge kwa nguvu: hewa ikiingia sasa, bia itakuwa na ladha ya boksi lililolowa.

3. Siku 3 zikipita bila badiliko, tia hamira mpya. Iamshe kwanza kwenye maji kidogo ya kimea yaliyochemshwa na kupoa, uimimine ikiwa inatoa povu. Ikitupwa kavu kwenye bia yenye kileo, hupata shida kuanza.

Hatari iko kwenye chupa

Kosa kubwa ni kukata tamaa na kufunga chupa hivyo hivyo. Sukari iliyobaki ni chakula. Joto likipanda, hamira inaamka, gesi inakosa pa kutokea, na chupa inapasuka na kurusha vioo.

Umeshafunga? Vaa glovu nene na miwani ya kukinga macho, ziweke chupa kwenye friji ili mgandamizo upungue, kisha zifungue moja moja zikishapoa kabisa. Kupoteza ndoo moja ya bia ni nafuu kuliko kupoteza jicho.