Maji Yaliyoganda Chini ya Ardhi

Maji yasipotoka bombani hapa kwetu, wewe hufikiri kwamba chemchemi imekauka au bomba limepasuka njiani. Ziko nchi ambako maji yamo tele bombani, wala hayatoki, kwa sababu yamekuwa magumu kama jiwe.

Katika mji wa Winnipeg, huko Kanada, baridi ya Januari hupita ile ya kilele cha Kibo. Ardhi yenyewe huganda. Ndiyo maana mabomba huzikwa kina kupita kimo cha mtu. Hata hivyo, majira ya baridi ya mwaka 2013 hadi 2014 ardhi iliganda kupita futi 7, na nyumba zaidi ya 2,000 zilikosa maji. Wengine walipatwa mwezi wa Machi na Aprili, jua lilipokwisha kurudi! Sababu yake ni kwamba baridi hushuka ardhini polepole, nayo huendelea kushuka hata juu kukianza kupata joto. Theluji nayo ni kama blanketi la ardhi; barabarani inakofagiliwa, baridi huingia chini zaidi.

Labda unaye mwana au ndugu huko. Mwambie hivi. Koki zote zikikauka, kwanza amwulize jirani. Jirani akiwa na maji, basi huenda bomba lake mwenyewe ndilo lililoziba. Asiwashe moto karibu na bomba, maana nyumba za huko ni za mbao. Aite watu wa maji wa mji. Bomba likiwa la chuma au shaba, fundi huweza kupitisha umeme ndani yake mpaka lipate joto; lakini ni kazi ya hatari, na asiyeijua ataunguza nyumba. Bomba la plastiki halipitishi umeme, kwa hiyo hupenyezwa mpira mwembamba wenye maji ya moto, ukayeyusha barafu kidogo kidogo.

Mwaka ule wa 2014 waliongoja mafundi walikuwa wengi, na wengine walingoja majuma mengi. Watafanyaje? Mpira wa maji ulitandikwa juu ya theluji kutoka nyumba ya jirani, familia mbili zikatumia bomba moja.

Maji yakisharudi, koki moja huachwa wazi usiku na mchana, mkondo wake unene wa penseli. Najua, mama uliyezoea kubeba ndoo kichwani, neno hili litakuuma. Lakini maji yatokayo bomba kuu yana joto kidogo kuliko udongo ule, nayo yakitembea hupita kabla ya kuganda. Mwaka ule wakubwa wa mji waliwapunguzia ada wale walioagizwa kufanya hivyo.

Basi, mwanao asiifunge koki mpaka aambiwe, hata kama ni mwezi wa Mei na watoto wanacheza nje bila makoti.