Mapigo ya Taratibu Yanayomtisha Daktari

Tuseme dereva wa bodaboda kaanguka, kichwa kimegonga lami, na helmeti ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Hospitalini muuguzi anampima: mapigo 48 kwa dakika. Ndugu aliyemsindikiza anashusha pumzi. Angalau moyo umetulia. Muuguzi anatazama presha, anakuta 200, na papo hapo anamwita daktari.

Fuvu ni sanduku la mfupa lisilotanuka. Damu ikivujia ndani, au ubongo ukivimba, mbano huongezeka hadi damu mpya ikashindwa kupenya. Ubongo unaokosa oksijeni huamuru mishipa ya mwili mzima ijikaze ili presha ipande na damu iingie kwa nguvu. Lakini shingoni, ndani ya mishipa mikubwa, mna walinzi wa presha wasiojua chochote kuhusu ajali. Wao huona presha imezidi tu, basi huushikia moyo breki kupitia neva ya vagasi. Pumzi nayo huanza kwenda kombo.

Harvey Cushing, daktari mpasuaji kijana kutoka Marekani, alilichunguza jambo hili mjini Bern, Uswisi, na kulichapisha mwaka 1901. Aliweka kidirisha cha kioo kwenye fuvu la mbwa, akaongeza mbano ndani kwa maji ya chumvi, akatazama mishipa ya ubongo ikipauka. Jaribio la kutia huruma, ila hadi leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake.

Moyo wenyewe pia huumia. Adrenalini inayomwagika ghafla huweza kuuzubaisha msuli wake: kipimo cha ECG kikaonyesha kama mshtuko wa moyo, ilhali mishipa ya moyo haijaziba popote. Wakati mwingine ncha ya moyo hutuna na shingo yake kubaki nyembamba. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliliita umbo hilo takotsubo, yaani chungu cha kutegea pweza. (Wavuvi wa pwani yetu humchokoa pweza mwambani, Wajapani humpangishia nyumba kwanza.) Moyo uliozubaa hivyo mara nyingi hurudiwa na nguvu baada ya siku au wiki chache, ubongo ukinusurika.

Ubaya wa ishara ya Cushing ni kuchelewa. Ikitimia yote, presha juu, mapigo chini, pumzi ovyo, ubongo huenda umeshaanza kusukumwa kwenye tundu lililo chini ya fuvu. Kwa hiyo muuguzi wa zamu hampimi mgonjwa wa kichwa mara moja akaondoka. Hurudi tena na tena, akilinganisha mapigo ya sasa na yale aliyoyaandika awali.