Programu Halisi za Simu Zitunzwe Uvira

Simu nyingi zinazofikishwa kwa mafundi wa mji wa Uvira zikiwa zimeganda kwenye nembo hazijafa. Mara nyingi kilichoharibika ni programu ya mfumo, na simu hupona ikiandikwa upya. Lakini faili la programu hiyo laweza kuzidi gigabaiti 2, mzigo mzito kwa anayenunua mega kidogo kidogo, naye akibahatisha hupakua nakala isiyojulikana chanzo. Mafundi wa mitaa ya Mulongwe, Kavimvira na Kalundu wangefaidika kuwa na hazina ya pamoja ya mafaili hayo kwenye diski mbili, zikikaa mahali tofauti, maana mafuriko ya Aprili 2020 yalionyesha maji yanavyoweza kubomoa mtaa.

Kurundika mafaili hakutoshi. Simu mbili zenye jina moja la Tecno au Samsung huweza kutofautiana chipu, kwa hiyo iandikwe namba kamili ya modeli, toleo, tarehe na chanzo. Iongezwe alama ya SHA-256, inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe na yenye jumla ya tarakimu na herufi 64: faili likibadilishwa hata kidogo, alama haitalingana. Lakini alama hiyo haithibitishi kwamba faili ni rasmi. Chanzo ndicho huthibitisha hilo.

Atakayepinga atasema matoleo ya zamani yana mianya ya usalama. Kweli, na simu nyingine hukataa kurudishwa nyuma. Ila toleo la zamani ni la kuifufua simu tu. Ikiwaka, sasisho rasmi lifuate. Kuhusu haki za mtengenezaji, faili lichukuliwe kwake anapolitoa, wala lisiuzwe. Mteja alipe kazi ya fundi.