Kuku Kuacha Kutaga na Kufa Ghafla: Mambo ya Kuzingatiwa na Kamati za Sharika

Katika taarifa za robo mwaka tunazopokea kutoka sharika zenye miradi ya kuku wa asili, mambo mawili hujirudia: kuku wameacha kutaga, na kuku wamekufa ghafla. Mara nyingi huandikwa katika sentensi moja, kana kwamba ni tatizo moja. Ni vema kamati zikayatenganisha, kwa sababu fedha inayotatua la kwanza haizuii la pili.

Kuhusu kutaga, kuku wa asili hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia kwa siku 21, halafu hulea vifaranga kwa wiki kadhaa. Muda wote huo hatagi, wala si mgonjwa. Wafadhili wetu waliozoea kuku wa kisasa anayetaga karibu kila siku wasione hesabu ndogo ya mayai wakadhani akina mama wa mradi wamezembea. Kuku pia husimama kutaga anapobadilisha manyoya.

Ikiwa haatamii wala habadilishi manyoya, angalia maji kwanza. Takriban robo tatu ya yai ni maji, na wakati wa kiangazi kuku wengi hunywa yale tu yanayomwagika penye kuoshea vyombo. Kisha kagua banda usiku kwa tochi kama kuna utitiri, maana hufyonza damu kuku anapolala. Mayai yenye ganda laini huonyesha upungufu wa madini ya chokaa. Maganda ya mayai yaliyokaushwa vizuri juu ya moto husaidia, ila yatwangwe yawe unga, kuku asije akajifunza kula mayai yake.

Vifo vya ghafla ni jambo jingine. Kuku wanapokufa wengi katika kijiji kizima kwa siku chache, wakihema kwa shida, wakiharisha kijani, mabawa yakilegea na shingo ikipinda, mara nyingi huo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kitaalamu unaitwa Newcastle, jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Husababishwa na virusi, hivyo vidonge vya rangi mbili, pilipili na shubiri havitibu. Zipo pia homa ya matumbo na kipindupindu cha kuku, ambazo ni za bakteria, na mafua makali ya ndege ambayo huweza kumpata binadamu. Kwa hiyo vifo vingi viripotiwe mara moja kwa afisa mifugo, wala mizoga isichinjwe wala kuliwa. Ifukiwe shimo refu au ichomwe.

Kuku aliyeambukizwa mdondo anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa. Ndiyo maana ugonjwa husafiri katika matenga ya wachuuzi, na hata katika zawadi ya kuku kutoka kwa shemeji. Kuku mgeni atengwe wiki mbili. Na anayeuza haraka kuku walioanza kusinzia anapeleka msiba kwa jirani.

Kinga ipo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, ingawa haifai kuachwa juani. Hutolewa tone moja katika jicho moja, kwa kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Haimponyi aliyekwisha kuugua, na kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, hivyo kuchanja mlipuko ukiwa umeshafika ni kuchelewa. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, ndiyo sababu kaya zichangie na kuchanja siku moja, alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa.

Hapa naomba nieleweke. Maombi mengi yanayofika ofisini ni ya majogoo bora, na wafadhili hupenda kununua majogoo kwa sababu wanapigika picha. Jogoo akigawiwa katika kijiji kisichochanja, huenda asimalize mwaka. Kuanzia sasa, kamati inayoomba kuku iambatanishe majina ya wachanjaji wawili waliofundishwa na afisa mifugo, tarehe nne za chanjo kwa mwaka, na kiasi ambacho kila kaya itachangia kwa kila kuku.