Marekani: hekta mbili za bei rahisi ao hema la siku 14?

Mkongomani anayeishi Denver ao Boise anaweza kukutana na tangazo hili kwa simu yake: hekta mbili huko Colorado, mlima wenye theluji kwa nyuma, bei chini ya dola elfu kumi, kulipa kidogokidogo kila mwezi. Ni fasi ya kupiga hema na kuchoma nyama na watoto siku za mapumziko. Kwa mtu aliyekimbia Kivu na kuacha shamba la baba yake, neno "kiwanja chako" lina uzito ambao muuzaji pengine haujui.

Viwanja vingi vya namna hii viko katika kaunti ya Costilla, kusini mwa Colorado, ndani ya bonde la San Luis, karibu mita 2,300 juu ya bahari. Zamani ilikuwa nchi ya Wayuti, wenyeji wa kwanza. Mwaka 1969 tajiri Malcolm Forbes, mwenye jarida la biashara, alinunua shamba kubwa la Trinchera. Miaka iliyofuata, sehemu yake ilikatwa vipande vya hekta mbili mbili na kuuzwa kwa watu wa mbali. Wengi hawakujenga kamwe, na viwanja vya aina hiyo vinapita mkono kwa mkono mpaka leo.

Shida ya kwanza ni maji. Bonde hilo linapata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Mtu wa Bukavu, aliyezoea mvua ya miezi tisa, hawezi kuamini macho yake. Kuchimba kisima kunaomba ruhusa ya jimbo, na kwa kiwanja kidogo maji hayo kwa kawaida ni ya ndani ya nyumba tu, bila kumwagilia hata bustani ya lengalenga. Hata mvua ya paa ina sheria: ni mwaka 2016 tu ndipo wakazi wengi wa Colorado waliruhusiwa kuikinga, kwa mapipa mawili yasiyopita lita 416.

Tena kuna barabara iliyochorwa kwa ramani lakini haipitiki, na kuna kodi ya kila mwaka. Usipolipa, kaunti inauza deni hilo kwa mnada, na mwishowe kiwanja kinaweza kwenda kwa mwingine. Jambo linaloshangaza zaidi ni hili: kaunti nyingi za Marekani zinaweka mpaka wa siku ambazo mwenye ardhi anaweza kulala ndani ya hema katika kiwanja chake mwenyewe. Umenunua, una karatasi, lakini huwezi kukaa.

Upande wa pili ni ardhi ya umma. Idara mbili za serikali kuu, ile ya ardhi na ile ya misitu, zinasimamia pamoja karibu hekta milioni 177, sawa na robo tatu ya Kongo yetu yote. Sehemu kubwa yake iko magharibi mwa nchi. Fasi nyingi mtu anaweza kusimamisha hema bila kulipa hata senti, mara nyingi kwa siku 14 ndani ya siku 28, kisha ahamie mbali. Anaondoka na taka zake, na wakati wa ukame hawashi moto. Hakuna kodi, hakuna kisima. Lakini pia hawezi kuacha hata kiti.

Hiyo ndiyo bei ya hema la bure, na si ndogo. Mwenye kiwanja anaweza kupanda mti na kuukuta mwaka ujao. Tena ardhi ya umma yenyewe haina uhakika kama wengi wanavyofikiri. Juni 2025, Seneta Mike Lee wa Utah alipendekeza kuuza mamilioni ya ekari zake katika majimbo 11. Wawindaji, wavuvi na wapiga hema, hata wa chama chake, walipiga kelele, na kabla ya mwezi kuisha akaondoa pendekezo.

Costilla wanajua hatari hiyo tangu zamani. Familia za huko zilikuwa zikipanda mlima wa kijiji kukata kuni na kulisha ng'ombe. Mwaka 1960 mfanyabiashara wa mbao, Jack Taylor, aliununua na kuufunga. Kesi ilidumu miaka na miaka, mpaka mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Colorado ikawarudishia haki ya malisho, kuni na mbao. Kuwinda, kuvua na kutembea kwa starehe, hapana.

Msomaji wa Masisi ao Walikale atakuwa amekwisha kuona kitu anachokijua. Kwetu, sheria ya Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya serikali, na raia anapewa haki ya kuutumia, inayothibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa. Karatasi ya mwami ao ya muuzaji peke yake haitoshi.

Anayetamani hekta mbili za Colorado basi anaweza kufanya kazi ya siku mbili kabla ya kutuma dola. Apigie simu ofisi ya kaunti, aulize namba ya kiwanja, deni la kodi, barabara, ruhusa ya kisima na siku za hema. Kisha aende akalale usiku mmoja kwa ardhi ya umma iliyo karibu, mwezi wa Januari ikiwezekana, wakati bonde hilo linaposhuka chini kabisa ya sifuri.