Mkondo wa amali si wa walioshindwa



Kwa miaka mingi maji ya Handeni yamepandishwa kwa pampu kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, kupitia bomba kuu la tangu miaka ya 1970. Mtambo ukisimama, bei ya dumu hupanda na kina mama hurejea kwenye foleni.

Msikitini kwetu nako pampu ya kisima iligoma. Siku tisa tulitawadha kwa maji ya madumu tukimngoja fundi kutoka Tanga. Alipofika, alibadilisha kapasita tu, kazi ya nusu saa. Safu za nyuma walikuwapo vijana waliofaulu Fizikia kidato cha nne. Umeme wanaujua kwenye karatasi. Hakuna aliyethubutu kufungua kifuniko.

Mtaala ulioanza Januari 2024 umeweka mikondo miwili katika sekondari: elimu ya jumla na amali. Katika amali mwanafunzi husoma fani ya ufundi pamoja na masomo mengine. Wazazi wengi hapa wanaukimbia, wakidhani umewekewa waliofeli. Sistaajabu. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, wengi wetu "kazi za mikono" shuleni tulizijua kama jembe na kufyeka nyasi. Basi mzazi asiridhike na jina la fani. Aombe kuiona karakana, ahesabu vifaa, aulize mwalimu wa somo hilo ni nani.

Lakini kuudharau ufundi wenyewe hakutoki katika dini yetu. Nabii Nuhu (a.s.) aliunda jahazi, Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma akafua deraya. Mwaka 1206 al-Jazari alikamilisha kitabu cha mitambo, na ndani yake mna mashine za kupandisha maji. Shida yetu ile ile!

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kwenda Chongoleani limepita katika wilaya zetu hizi. Vijana ninaowafahamu walipata kufyeka na kulinda. Kuchomelea kulitaka vyeti, nao hawakuwa navyo.

Kamati imekubali kununua kisanduku cha vifaa vya umeme kwa fedha za waqfu, na fundi mmoja wa hapa atawafundisha wanafunzi wa madrasa kila Jumamosi baada ya Alasiri, wavulana na wasichana kwa zamu.

Mpwa wangu anaingia kidato cha kwanza Januari. Ameomba umeme. Bibi yake bado hajaridhia.