Elimu ya Msichana na Afya ya Uzazi Mkoani Katavi

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionesha kwamba mkoani Katavi, wasichana 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na ujauzito wa kwanza. Hakuna mkoa mwingine nchini uliofikia kiwango hicho. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Katika utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, wastani wa taifa ulishuka hadi 22. Hata hivyo, kwa zahanati na vituo vya afya vya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, mama mwenye umri wa mwanafunzi si mgeni kliniki.

Hatari za ujauzito wa mapema

Msichana ambaye mwili wake haujakomaa huwa na nyonga ambayo bado haijapanuka vya kutosha. Mtoto anaposhindwa kupita, uchungu hurefuka, na msaada ukichelewa, mgandamizo wa kichwa cha mtoto huua tishu kati ya kibofu na uke. Hapo ndipo fistula inapotokea. Kifafa cha mimba nacho hupendelea ujauzito wa kwanza. Aidha, upungufu wa damu huwa mkubwa zaidi kwa msichana ambaye yeye mwenyewe bado anakua, na mtoto wake huwa katika hatari ya kuzaliwa njiti au na uzito chini ya kilo 2.5.

Kwa msichana wa miaka 18 au 19, maumbile si tatizo kuu tena. Mara nyingi kinachomdhuru ni kuficha mimba, kuchelewa kuanza kliniki na kukosa nauli. Mambo hayo yana uhusiano wa karibu na elimu.

Tafiti zinasema nini?

Mwaka 1979 mtaalamu wa takwimu za watu, John Caldwell, alichambua takwimu za Nigeria na kuonesha kwamba watoto wa akina mama waliosoma walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi, hata kipato na makazi vilipozingatiwa. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa nchi 175 kwa kipindi cha 1970 hadi 2009. Watafiti walikadiria kwamba kati ya vifo milioni 8.2 vya watoto wa chini ya miaka mitano vilivyoepukwa, takriban nusu vilitokana na kuongezeka kwa elimu ya wanawake.

Msomaji makini atauliza: je, ni elimu yenyewe, au ni kwamba familia zenye uwezo ndizo zinazosomesha? Tena, mimba yenyewe hukatiza masomo, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kukosa elimu ndiko kulikoleta mimba ilhali mambo yalikwenda kinyume. Jibu lilipatikana Botswana. Mabadiliko ya mfumo wa elimu ya mwaka 1996 yaliwafanya vijana wengi wabaki sekondari kwa muda mrefu zaidi, bila kujali hali ya familia zao. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulibaini kwamba kila mwaka mmoja wa ziada wa sekondari ulipunguza uwezekano wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa pointi 8 hivi za asilimia, na manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa wanawake.

Magharibi mwa Kenya, utafiti uliofanyika katika shule 328 ulionesha kwamba kuwapa wanafunzi sare bure kulipunguza utoro wa kudumu, ndoa na mimba za mapema. Mafunzo ya kusisitiza kujizuia peke yake hayakupunguza mimba kwa kiwango hicho. Somo lililo wazi ni kwamba mawaidha hayatoshi. Kinachomlinda msichana ni kubaki shuleni.

Hali ya Katavi

Katavi ilianzishwa kuwa mkoa mwaka 2012, ikimegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Idadi imeongezeka maradufu katika miaka kumi, nayo madarasa na zahanati hubeba mzigo huo. Vijiji vimetawanyika, familia za wafugaji huhama kufuata malisho, na msimu wa kilimo huita mikono ya watoto shambani. Ada imeondolewa tangu 2016, lakini umbali haujaondoka. Msichana anayepanga chumba karibu na shule bila mtu mzima wa kumtazama hukabili majaribu mapema, na njaa ya mwisho wa mwezi humfanya awe mnyonge mbele ya anayempa fedha. Ndiyo sababu bweni na chakula cha mchana shuleni ni afua za afya kama zilivyo dawa.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Msichana akifika kliniki akiwa mjamzito, apokewe kwa staha na faragha. Akikemewa leo, hatarudi kesho. Apimwe shinikizo la damu na mkojo kila hudhurio, wingi wa damu, VVU na kaswende. Apewe vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kukinga malaria. Mpango wa kujifungulia mahali penye huduma ya upasuaji upangwe mapema.

Baada ya kujifungua, azungumziwe uzazi wa mpango na aelezwe kwamba tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi shuleni. Wazazi wengi hawajui hilo, na huduma ya baada ya kujifungua ni mahali pazuri pa kulisikia.

Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, huwafikia wengi kupitia shule. Asiye shuleni hupitwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye wa kumtafuta.

Kwa wazazi na wajawazito

Kliniki ianzwe kabla ya wiki ya 12. Dalili zifuatazo hazisubiri asubuhi:

- kichwa kuuma sana au kuona maruweruwe;
- uso na mikono kuvimba;
- maumivu makali chini ya chembe ya moyo;
- degedege;
- kutokwa damu ukeni;
- mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni.

Mzazi anayemwacha binti amalize kidato cha nne anamkinga dhidi ya hatari ambazo hospitali huzikuta zimekwisha kukomaa. Samaki mkunje angali mbichi: kinga ya mama wa kesho huanzia darasani leo.